Siku Tulipoacha Ndagala Zilowe

Nakumbuka siku ya wingu zito, ufukweni hapa Kalemie, nikiwa msichana wa miaka kumi na minane. Mimi na rafiki yangu Ester tulikuwa tunaanika ndagala za Mama Feza, dagaa wa ziwa letu, juu ya mchanga. Ester alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza, kisha mume akamrudisha kwao kama sufuria iliyotoboka.

Akasema polepole, "Miye nimechoka na maisha. Nisipokuwako mutapumua."

Na mimi, mwanangu, nikacheka! "Umechoka na maisha, na beseni moja tu hujamaliza? Muvivu weye!"

Mama Feza alisikia. Matone yakaanza kuanguka, kila mwanamke akakimbilia samaki wake. Yeye akaketi palepale mchangani, akamshika Ester mkono.

"Binti yangu, unawaza kujiua?"

Nilishtuka. Kwetu neno hilo halikutamkwa. Walisema ukilitaja unakiita kifo nyumbani. Nikanong'ona, "Mama, ndagala!"

"Acha zilowe! Ndagala ziko mingi mu ziwa. Ester ni mumoja tu."

Ester akalia. "Ndiyo, Mama. Wiki nzima."

"Asante kuniambia. Leo hutabaki peke yako."

Mzigo wote ukaoza. Ester akalala kwa Mama Feza, tukapokezana kukaa naye, na kesho yake tukampeleka hospitali. Huzuni ile haikuisha kwa wiki, wala kwa mwezi. Lakini iliisha! Ester alizaa tena, na juzi mjukuu wake alifaulu mitihani ya Serikali, tukammwagia poda kama desturi yetu ya kushangilia. Ester, na magoti yake mabovu, alicheza kutupita wote, mweupe kwa poda mpaka kope. "Inuka, weye mwenye makalio mazito!" akanipigia kelele. Nikainuka. Nilijivuna kama mimi ndiye niliyefaulu.

Mwanangu, mwenzako akisema amechoka kuishi, usicheke kama nilivyocheka mimi. Muulize wazi, neno halimuui, linamfungulia mdomo. Kaa naye, waite wakubwa, mfikishe kwa daktari. Na kama ni wewe unayewaza hivyo, sema leo. Sema kwa muntu mmoja. Akicheka, mwache na ujinga wake, sema kwa wa pili, wa tatu, mpaka mmoja aketi nawe.

Mungu akupe mvi kichwa kizima, na wajukuu wa kukuchosha masikio. Uishi, mwanangu. Uishi sana.