Krismasi Tuliyogawana Watoto

Mdogo wangu alifariki mwezi wa tisa, miaka miwili baada ya mumewe. Siku hizo ugonjwa ule hatukuutaja kwa jina. Tulisema "aliumwa muda mrefu", na aliyesikia alielewa. Aliacha watoto wawili, binti wa miaka minane na mvulana ambaye alikuwa hajatimiza minne. Wote wawili walibaki kwa mama yangu kijijini, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Peramiho.

Siku ya kumaliza matanga nilimshika yule binti mabegani, nikamwambia mbele za watu, "Mwanangu, usilie. Nyumbani kwangu ni kwenu." Ni maneno ambayo watu husema msibani. Nami niliyasema kwa moyo wote, kisha nikapanda gari nikarudi mjini Songea.

Mwaka ule ndio mume wangu alipopunguzwa kazi. Alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoanza kuyafuata mahindi mpaka shambani, maghala yakabaki matupu, na watu kama yeye wakapewa barua. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mjimwema, sisi na watoto wetu wawili, msichana wa miaka sita na mvulana wa mitatu. Mume wangu alianza kuuza mitumba sokoni. Mtu aliyezoea kuvaa koti jeupe la ghalani, sasa alisimama juu ya turubai akiita wateja. Alikuwa akirudi nyumbani sauti imemkauka, na hatukuwa tukiongea sana.

Krismasi ilipokaribia mama alituma ujumbe kwamba anataka wote tule pamoja nyumbani, kwa sababu ya wale watoto. Tulienda siku moja kabla. Kutoka Peramiho tulitembea kwenye tope jekundu, viatu vya watoto nimevishika mkononi ili visichafuke kabla ya misa. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshafika kutoka Dar es Salaam kwa gari lake mwenyewe, kreti za soda zimefungwa juu. Alikuwa ameacha ualimu, akafungua duka la redio Kariakoo, na mambo yalikuwa yamemnyookea. Mkewe hakuja kwa kuwa alikuwa amejifungua karibuni.

Lazima niseme hapa kwamba kaka yangu hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyembeba mdogo wetu mikononi kumwingiza wodini, wakati wengine tuliogopa hata kumgusa. Mimi nilikuwa mmoja wa walioogopa.

Asubuhi ya sikukuu tulienda misa. Yule binti alimwogesha mdogo wake, akampaka mafuta, akamfunga vifungo vya shati, kisha akamshika si kiganja bali kifundo cha mkono, kama mtu anayeshika kitu kinachoweza kuponyoka. Kanisani alimpakata misa nzima. Nilimwambia, "Nipe nikusaidie." Akasema, "Hapana, mama mkubwa, hajanichosha."

Mchana tulikula wali na kuku. Watoto wote wanne walikaa kwenye mkeka mmoja na sinia moja, maputo aliyoyaleta mjomba wao yakipeperuka juu ya chakula. Walicheka sana siku ile. Mvulana wangu aling'ang'ania puto la binamu yake mpaka likapasuka, wakatazamana kwa mshangao, kisha wakaangua kicheko. Mama aliwatazama, akainuka akaingia ndani. Nilimsikia akipenga kamasi.

Baada ya kula kaka alituita barazani, mama, mume wangu na mimi. Binti wa marehemu alikuwa jikoni anaosha sufuria, hatua chache tu kutoka tulipokaa.

"Mnaona wenyewe mama amechoka," kaka alisema. "Kwa hiyo kesho nitaondoka na binti. Mke wangu ana mtoto mchanga, atamsaidia kubeba. Huyu mdogo abaki na bibi yake mpaka tuone."

"Na shule?" mama akauliza.

"Shule Dar zipo, mama. Akizoea tutamwandikisha."

Neno lile "akizoea" nililisikia vizuri. Nilikuwa nimewaona wasichana waliochukuliwa hivyo. Walirudi wakiwa wanawake wazima, bila kujua kusoma.

"Kwani lazima watengane?" mama akasema, sasa kwa Kingoni, kama afanyavyo akiumia.

Kaka alinigeukia. "Mdogo wangu, wewe unasemaje?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akibandua tope kwenye soli ya kiatu chake kwa kijiti. Nikafikiria vile vyumba viwili, na sauti yake iliyokauka.

"Sina neno, kaka," nikasema.

Basi yakaisha. Mvua ikaanza, tukaingia ndani, kaka akawasha redio. Baada ya muda mrefu binti yangu alikuja akanivuta kanga. "Mama, dada hayupo. Na mdogo wake hayupo."

Jikoni sufuria zote zilikuwa zimeoshwa, zimefunikwa kwa mpangilio. Tuliita. Tulitazama chooni, kwa majirani, kwenye migomba. Mama alikimbia kisimani bila viatu, nikaisikia sauti yake ikiita kule chini. Mume wangu alishika njia ya shambani. Mimi na kaka tukaingia garini, tukaenda upande wa Peramiho, gari likiteleza.

Tuliwakuta mbele ya Peramiho, kwenye barabara ya Songea. Mama mmoja muuza maembe alikuwa amewaingiza kwenye kibanda chake cha nyasi. Binti alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni kwa kanga ya marehemu mama yao. Wote wawili walikuwa wamelowa, na mvulana amelala.

"Nimemuuliza anakwenda wapi, anasema Mjimwema," yule mama alituambia. "Nikamwambia subiri mvua ikatike."

Kaka alichuchumaa. "Mnatoroka sikukuu? Mnakwenda kwa nani?"

Binti hakumtazama. Alinitazama mimi. "Kwa mama mkubwa. Alisema kwake ni kwetu." Hakulia. Aliongeza haraka, kana kwamba nimeshakataa, "Mimi nitalala chini. Na huyu anakula kidogo tu."

Yule muuza maembe aligeuza uso akajifanya anapanga maembe yake.

"Watakwenda na mimi," nikasema. "Wote wawili."

"Utawalisha nini?" kaka akauliza. "Mumeo hana kazi."

"Najua, kaka."

"Ulipoulizwa ulisema huna neno."

"Nilisema."

Alinitazama, maji yakimtiririka usoni. "Basi usije ukanitafuta," akasema, akawasha gari, akaturudisha kwa mama.

Nilimwambia mume wangu mbele ya mama, kwa sababu niliogopa kumwambia peke yake. Akasema, "Kile kitanda cha watoto itabidi nikirefushe."

Kaka aliondoka kesho yake kabla ya chai. Alimpa mama mkono, akawapa watoto wote mkono, mimi akanipita.

Haikuwa rahisi. Binti yule alificha vipande vya ugali chini ya godoro kwa ajili ya mdogo wake, mpaka sisimizi wakajaa. Aligombana na binti yangu juu ya kila kitu. Nikitoka kwenda sokoni aliniuliza narudi saa ngapi, na nikichelewa nilimkuta amekaa mlangoni, mdogo wake katikati ya magoti. Shule alianza mwezi wa pili, mkubwa kuliko wenzake darasani. Zipo jioni nyingi nilizojuta, nikaona aibu kwa kujuta.

Kaka alinyamaza miaka mitatu. Krismasi ya nne alikuja kwa mama, amekonda, akaanza yeye kunisalimu. Alikuwa amemletea binti viatu vipya vya shule, vyeusi, vya ngozi.

"Shikamoo mjomba," binti alisema, akavipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru vizuri. Kisha akaenda akampa binti yangu, ambaye vilimzidi sana. Yeye alibaki na ndala.

Kaka alinitazama, akitaka niseme kitu. Nilimkaribisha chai.