Kikao cha Ng'ombe wa Kwenye Simu

Nichekeni kabisa sasa hivi mmalize, ndipo niendelee, kwa sababu mimi mwenyewe nikikumbuka siku ile ukoo wa mume wangu ulipoketi sebuleni kwangu Buswelu kujadili ng'ombe walioko ndani ya simu, masikio yanapata moto hadi leo (na wenyewe hawasahau, kila harusi lazima mtu anikumbushe).

Mimi napenda magemu. Mwanamke mzima, mtunza stoo wa kiwanda kule Nyakato, nina mtoto wa darasa la nne, lakini nikipata likizo kitu cha kwanza ni kupakua magemu mapya, nayacheza yote, halafu namrekodia mdogo wangu Deo aliyeko Dodoma maoni yangu kwa ujumbe wa sauti, naye ananirudishia ya kwake, tunabishana wiki nzima. Sasa likizo iliyopita ikagongana na ujio wa mama mkwe, aliyetoka Magu kuja kutibiwa magoti. Mama ni Msukuma wa kufagia uwanja alfajiri hata kama magoti yanamuuma, maneno yake machache, na tangu niolewe sikuwahi kujua kama ananipenda au ananivumilia tu. Mume wangu Masanja yuko mgodini Geita na anarudi kwa zamu, kwa hiyo mchana tulibaki mimi na mama, Neema wangu akiwa shuleni.

Siku ya pili akaniuliza, "Mama Neema, huko chumbani unaongea na nani mchana kutwa?"

Ningesema nacheza gemu, mkasa ungeishia hapo. Lakini nilimtazama alivyoshika ufagio licha ya magoti yale, nikaona haya, nikajibu, "Kazi za ofisini, mama."

Shida ya hedifoni ni kwamba ukishazivaa hujui sauti yako inafika wapi. Nikajifungia, nikaanza kumpa Deo tathmini yangu. Gemu la mpira nikalipa sita kwa kumi, maana wachezaji wanakimbia mpaka mwisho bila kuhema na refa ni kipofu, kilichonifurahisha ni kelele za mashabiki tu. La maiti wanaofukuza watu nikalipa mbili, nimekufa humo hadi nimechoka kufa, nikalifuta. La malori nikalipa saba: "Barabara safi, Deo, ila breki hazina adabu, lori nimelitumbukiza mtoni, nikaliacha hapo hapo nikapewa jingine." Halafu nikafika kwenye gemu la shamba, ambalo ndilo nililipenda kuliko yote, na hapo nikapandisha sauti.

"Hili ni tisa, Deo. Ng'ombe wote nimeuza, nimenunua mtumbwi, nimebaki na yule dume mwekundu tu. Na nimeolewa na fundi chuma, mwanamume ana zawadi huyo, kila asubuhi ananiletea kitu. Nahamia kwake kisiwani."

Mama alikuwa nje ya dirisha anachambua mchele.

Mimi sikujua lolote. Niliona tu kwa siku mbili mama hali chakula vizuri, nikadhani ni dawa za magoti. Jumamosi mlango ukagongwa, baba mdogo Shija huyo, na shangazi yake Masanja, na wazee wengine wawili. Shikamoo, marahaba, nikafurahi kweli wamekuja kumjulia hali mgonjwa, nikachinja kuku, nikapika ugali, nikatenga. Hakuna aliyenawa mikono.

"Mkwe," baba mdogo akaanza, "kabla ya chakula kuna maneno. Nimetuma mtu Kwimba kwa wale wanaotutunzia ng'ombe wa Masanja. Wapo wote."

"Tunamshukuru Mungu, baba."

"Ndiyo maana tunauliza. Hao uliowauza ni wa nani?"

Kumbe kupatikana kwa ng'ombe ndiko kulikozidisha kesi, sasa nimekuwa mke mwenye mifugo ya siri. Kabla sijajibu shangazi akadakia, "Na huyo fundi chuma ni mtu wa wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na badala ya kueleza, nikacheka. Si kicheko cha dharau, jamani, ni kile cha woga kinachotoka chenyewe, lakini shangazi akawageukia wazee. "Anacheka." Mmoja akasema kama ni hivyo basi nipange nguo nirudi kwetu Musoma mpaka Masanja atakapokuja, na kicheko kikakata, maana niliona ndoa yangu inaondoka hivi hivi kwa sababu ya simu.

Nikaileta. Baba mdogo akavaa miwani, nikamwonyesha shamba, zizi, mtumbwi, na fundi chuma na ndevu zake. Akatazama muda mrefu.

"Kwa hiyo ni kweli uliwauza."

"Ni gemu, baba."

"Nimeelewa ni gemu. Nauliza kwa nini uliwauza."

"Nilitaka mtumbwi wa kuvulia."

"Wajita hawa na samaki wao," shangazi akasema, akitikisa kichwa.

Hukumu ikatoka: ng'ombe warudi. Nikaketi mkekani mbele ya wakwe, navua samaki wa kwenye simu, nauza, nanunua ng'ombe mmoja mmoja, wao wanakula kuku wangu huku baba mdogo akichagua ("Huyo hapana, mgongo mbaya"). Fundi chuma alitusumbua zaidi kwa sababu gemu halina talaka, ikabidi nimjengee kibanda ng'ambo ya mto, na hawakuinuka mpaka wamemwona ameingia.

Walipoondoka nikamfuata mama jikoni. Nikamwomba msamaha kwa kusumbua ukoo mzima kwa sababu ya ng'ombe.

"Ng'ombe ni mambo ya Shija," akasema, hakugeuka. "Mimi nilimwambia unaolewa kwingine, aje akubembeleze usiondoke. Siku mbili sijalala. Mkwe mwingine kama wewe ningempata wapi?"

Miaka yote ile nilikuwa nasubiri kusikia hivyo, na nilipoyasikia maneno hayo nikachukua sufuria nikaanza kusugua huku nalia.

Kwa hiyo nimeapa, sitasema tena "kazi za ofisini". Sasa narekodi mlango ukiwa wazi. Mama akipiga simu kutoka Magu anauliza kwanza kama yule dume mwekundu amekula, ndipo anamuulizia mwanawe. Na lile gemu la shamba nimelipandisha hadi kumi kwa kumi, ingawa Deo anasema nimependelea.