Mise à jour na mayai kutoka Mavivi

Dada yangu mkubwa aliingia kwangu Butembo na begi moja, sufuria mbili na maneno machache. Alitoka pembeni ya Beni, upande wa Mavivi, ambako alifuga kuku nyuma ya nyumba yake kwa miaka mingi. Watu wa mtaa wake walianza kwa kulala mjini kwa hofu ya mashambulio na kurudi asubuhi kuangalia vitu vyao. Baadaye hata asubuhi wakaacha kurudi. Haikuwa mara yake ya kwanza kukimbia. Safari hii hakuniambia atakaa mpaka lini, nami sikumuuliza. Nilimwonyesha chumba, nikampashia maji ya kuoga, nikarudi kusahihisha kopi za mitihani ya wanafunzi wangu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mume wangu anauza vipuri vya pikipiki. Tulikuwa watu watatu waliochoka ndani ya nyumba moja, kila mmoja kwa sababu zake, na kwa kuwa kila mmoja alijua uchovu wa mwenzake hatukusumbuana.

Umeme wetu ulitoka kwenye kitu ambacho nyumbani tunakiita betri. Ni boksi la plastiki lenye mpini, zito kiasi cha kuumiza kiuno, lenye soketi mbele na kioo kidogo kinachoonyesha umeme uliobaki. Linachajiwa na panneau ya jua iliyo juu ya bati, au na courant, umeme wa mji, siku ikikubali kuja. Mume wangu alilipata kwa mfanyabiashara mmoja wa centre-ville, katikati ya mji, anayeleta mizigo kutoka China. Lina pia Wi-Fi yake, linaongea na simu. Ndiyo maana mara kwa mara simu ya mume wangu ililia kutangaza programu mpya ya betri, na kuandika: mise à jour iko tayari, unakubali?

Kwa muda mrefu hakukubali. Hakukataa pia. Alisukuma lile tangazo pembeni kwa kidole, kama anavyofukuza nzi. Jirani yetu fundi wa kushona, aliyekuwa na betri kama yetu, alikuwa ameondoa kabisa application kwenye simu yake. "Betri ni betri," aliniambia siku moja. "Mimi nataka ipike fer yangu ya kunyoosha nguo, basi. Juu ya nini inataka kusema na miye?" Mwenzangu wa shule anayefundisha fizikia alikuwa kinyume chake. Yeye kila mise à jour aliiweka siku ileile, na alitushangaa sisi wengine kama watu wasiopiga mswaki.

Mimi sikuwa na upande. Nilikuwa nimechoka kuulizwa kama nakubali. Simu inauliza, benki inauliza, laini ya simu inataka uiandikishe upya, na kila mara neno ni lilelile, kukubali, na hakuna mahali pa kujibu kwamba ngoja kwanza nipumzike.

Dada alikaa wiki kadhaa akifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kisha jirani yake wa zamani, mama mmoja aliyekuwa anathubutu kurudi mtaani mchana, akampigia simu. Kuku wengi walikuwa wameibwa, lakini matetea machache na jogoo walikuwa bado wanazunguka pale, wanalala juu ya mparachichi. Alikuwa anaokota mayai. Ayatume?

Yalifika kwa mtu wa pikipiki, ndani ya ndoo iliyojaa maranda ya mbao. Dada aliyatoa moja moja, akayafuta kwa kitambaa kikavu, akayapanga juu ya kitanda chake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kumsikia akiimba. Kuku wake walikuwa wa aina ile ya shingo isiyo na manyoya. Watu wengine wanawaona wabaya, yeye aliwapenda kwa sababu hawafi ovyo.

Mume wangu akaazima couveuse, mashine ndogo ya kutotolea vifaranga, kwa muumini mwenzetu wa parokia. Haili umeme mwingi. Dada aliifunika kwa blanketi zito ili joto lisipotee, maana Butembo ni baridi, na akakaa karibu nayo kama mtu anayemlinda mgonjwa. Aligeuza mayai kwa mkono, akaongeza maji kwenye kisahani, akasoma joto kila mara. Nilipotoka shuleni nilimkuta hapo. Niliporudi kutoka sokoni, hapo.

"Yaya, hii mashine inajitunza," mume wangu alimwambia, kwa jina tunalomwita dada mkubwa.

"Nayiamini," akasema dada. "Lakini nayiangaliya."

Basi likaja tangazo tofauti. Safari hii simu haikusema tu kwamba kuna mise à jour. Ilisema inahusu usalama wa betri wakati wa kuchaji. Mume wangu alilisoma tangazo mara mbili kwa sauti. Huko mjini kulikuwa na habari ya betri moja iliyoshika moto dukani, na ingawa hakuna aliyejua ilikuwa ya aina gani, yeye aliingiwa na hofu. Boksi letu lilikaa sebuleni, ukuta mmoja na kitanda cha dada. Sikuweza kumlaumu wakati ule, wala siwezi sasa.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Dada alikuwa bafuni. Mume wangu aliwasha internet ya simu yake, akaigawia betri, akagusa neno lile la kukubali. Umeme ukazimika. Kioo kikaonyesha mstari uliokuwa unajaa polepole. Baada ya muda kidogo feni ndogo ya ndani ikalia, taa zikarudi, couveuse ikarudi. Alifurahi. Dada alipotoka, kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza wote watatu. Dada hakutaka, mimi ndiye niliyembembeleza, nikamwambia Mungu ataangalia mayai kwa saa mbili. Misa ilikuwa ndefu, kulikuwa na ubatizo, na baada yake tulisimama uwanjani kusalimiana na watu waliokimbia kutoka Kirumba, waliokuwa wanaomba habari za ndugu zao. Tulirudi jua limeshapanda.

Dada ndiye aliyeingia kwanza. Nilisikia akifunua blanketi la couveuse. Alipotoka chumbani hakupiga kelele. Alisema tu, "Mayai iko baridi."

Betri ilikuwa imejaa. Panneau ilikuwa inaleta jua lote la asubuhi. Lakini soketi zilikuwa zimekufa, hakuna kilichokuwa kinatoka. Mume wangu alibonyeza kitufe, umeme ukarudi mara moja, bila ubishi, kama mtu aliyeamshwa anayesema hakuwa amelala. Akasimama pale ameshika simu.

"Nani njo aliingia humu bila kupiga hodi?" dada akauliza.

"Yaya, hakuna mutu aliingia. Ni mise à jour njo inafanya vile. Niliyiweka jana."

"Mise à jour njo mutu sasa," dada akasema. "Mutu iko kule mbali, anatumaka maneno, na kitu ya mu nyumba yetu inamusikia. Miye niko hapa pembeni yake kila siku, haikuniuliza hata kidogo."

Mume wangu aliinama kuanza kutafuta ndani ya simu nini kimebadilika.

Couveuse ilihitaji muda kupata joto tena, na dada hakutaka kungoja. Alipanda kitandani na nguo zake za misa, akaniambia nimletee mayai. Tuliyazungushia mwili wake, mengine kifuani ndani ya kitenge, mengine kwapani, na mimi nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa, nikazifunga kwa taulo na kuzipanga kando yake chini ya blanketi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa bado nimevaa viatu vya kanisani na vilinibana.

"Utavunja moja," nilimwambia.

"Nililala na batoto wangu sita, sikuvunja hata mumoja."

Baadaye tukajifunika wote wawili blanketi mpaka kichwani, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, akayamulika moja moja kwa tochi ya simu yangu. Ukiweka mwanga chini ya yai unaona mishipa myembamba na kivuli kinachocheza. Katika mayai mengine kivuli kilicheza. Mengine tulingoja, tukazungusha, tukangoja tena. Yale yasiyocheza hakuyatupa. Aliyaweka upande wa pili na kusema, "Pengine nayo yamechoka tu." Ndipo akalia kidogo. Hakulilia mayai peke yake, nadhani, wala sikumwuliza.

Mume wangu alilipata lile jambo jioni. Kwenye application kulikuwa na kitu kinaitwa mode éco. Kikiwa kimewashwa, betri ikiona kifaa kinachovuta umeme kidogo sana kwa muda, inadhani hakuna anayeihitaji, inafunga soketi ili isipoteze nguvu. Zamani tulikuwa tumekizima. Mise à jour ilikuwa imekiwasha upya, bila kusema. Na couveuse iliyofunikwa vizuri kwa blanketi la dada ilikuwa inavuta umeme kidogo kweli, peke yake, baada ya sisi kuzima taa ya usiku na kwenda misa.

Siku iliyofuata nilikwenda na mume wangu kwa mfanyabiashara aliyetuuzia. Tulimkuta nyuma ya meza, mbele yake watu wawili wenye malalamiko yanayofanana na yetu. Alikuwa na uso wa mtu ambaye amejibu swali moja tangu asubuhi.

"Mise à jour inarudishaka kila kitu sawa vile ilitoka usine, kule banayitengenezaka," alitueleza. "Donc kisha kuyiweka, mutu anapashwa kuangalia reglages zake, vile alikuwa aliyipanga, moja moja."

"Iko wapi iliandikwa vile?" mume wangu akauliza.

"Haikuandikwa."

"Basi uturudishie ile ya zamani."

Akatikisa kichwa. "Ya zamani hairudiki. Bananiomba vile kila siku. Benye hapana kuweka banakuja kulia betri inachaji mubaya, benye kuweka banakuja kulia imebadilika. Miye naye, bananiuliza, sikuyitengeneza miye."

Nilimwonea huruma. Tulitoka dukani bila kitu mkononi, tukapanda mlima kwa miguu kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu ya kusimamisha pikipiki. Njiani mume wangu alisema, "Ningemwambia tu. Neno moja." Nikamwambia hata mimi nilimwona akifanya na sikusema kitu. Tukaendelea kupanda.

Vifaranga vilichelewa kutoka. Siku yao ilipita, na siku nyingine juu yake, na dada aliendelea kutia maji kwenye kisahani kana kwamba hajui kuhesabu. Kisha asubuhi moja kabla sijaenda shuleni aliniita. Yai moja lilikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu kulikuwa na mdomo. Walitoka wachache, chini ya nusu ya mayai. Mmoja alikuwa na mguu uliopinda, akafa. Waliobaki walikauka, wakajaa manyoya kila mahali isipokuwa shingoni, pekundu na pabaya, na dada akawacheka mpaka akakaa chini. Mume wangu alisimama mlangoni. Dada akachukua kifaranga kimoja, akakiweka kwenye kiganja chake. "Shika, shemeji. Hakaumi." Kuhusu ile Jumapili hawakuongea zaidi ya hapo.

Vifaranga walipohamia nje, tangazo lingine lilikuja. Jirani yetu fundi wa kushona alikuwa amekwisha kutangaza mtaa mzima kwamba yeye ndiye aliyekuwa na akili tangu mwanzo. Mwalimu wa fizikia naye aliniambia kosa lilikuwa letu, hatukukagua. Wote wawili walisema kweli na hakuna aliyenisaidia. Mume wangu alileta simu mezani, akaiweka mbele ya dada.

"Yaya, inaomba tena. Inasema itarekebisha kuchaji wakati wa mvua. Tufanye nini?"

Nilidhani atasema hapana. Alivaa miwani yake, akasoma maneno ya Kifaransa polepole, yote, mpaka yale madogo ya chini ambayo hakuna mtu husoma.

"Couveuse haina kitu?"

"Haina."

"Basi weka. Lakini tukae hapa."

Tukakaa. Mstari ukaanza kujaa, ukafika katikati, mtandao ukapotea. Mume wangu akaanza upya. Mvua ikaanza kupiga bati, mtandao ukapotea tena. Tulikuwa gizani kidogo, mchana wa mawingu, watu wazima watatu tunakodolea macho boksi. Dada aliuliza kama itamalizika leo. Mume wangu akasema hajui. Nikaenda jikoni kuleta ugali na sombe ya majani ya muhogo, tukala hapohapo, tukaongea habari za bei ya maharage ya Kayna na za padri mpya anayehubiri kwa kirefu. Ilipomalizika hakuna aliyeiona. Dada ndiye aliyegundua kwamba kioo kimewaka.

Alinawa mikono. Akamwomba mume wangu amwonyeshe mahali ile mode éco ilipojificha, akaizima kwa kidole chake mwenyewe, akachomeka taa ndogo inayovuta umeme kidogo kama couveuse, akarudi kukaa. Taa iliwaka. Aliiangalia muda mrefu, mimi nikakusanya sahani.