Gari la Muasya Halina Gundi

Jumamosi asubuhi, kabla mama mboga wa ng'ambo ya barabara hajamaliza kukatia wateja wake sukuma wiki, Muasya Ndete ameketi juu ya kigogo nje ya chumba chake mtaani Huruma. Amebana kipande cha mjakaranda katikati ya nyayo zake na anakitukana. Anakitukana kwa Kikamba, tena kwa sauti ya chini, maana mchungaji wake anaishi ghorofa ya juu.

"Bawa la mbele limevunjika tena," anamwambia mgeni wake, mwandishi wa gazeti, bila kuinua macho. "Hawa watu wa ng'ambo wanaounda haya magari niliwakosea nini?"

Kipande hicho ni gari la mbio za Langalanga, yale magari ya kiti kimoja na magurudumu yaliyo nje, ambayo mngurumo wake hujaza mikahawa ya Nairobi Jumapili. Lina urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Lina pua, lina mbavu, na lina dereva mdogo mwenye kofia ngumu. Bawa la mbele liko chini kwenye vibanzi, na kuku wa jirani amekuja kulikagua.

Kesho gari hili linapaswa kuwekwa mezani katika hoteli ya Roseline, Buruburu, ambako chama cha mashabiki wa Langalanga hukutana kutazama mbio. Kila msimu Muasya huwachongea kombe lenye umbo la gari la mwaka huo. Aliyebashiri vizuri kuliko wenzake huandikwa jina chini yake, na kombe hubaki kwenye rafu ya Roseline, juu ya friji ya soda.

Mwaka huu wanachama wamegawanyika, na kesho watapiga kura. Ama waendelee na mti wa Muasya, ama wanunue gari la plastiki mjini, linalofanana na gari la kweli mpaka vibandiko.

"Wateja wangu wote hutoka kwenye ile rafu," anasema, huku akiinua tezo na kuishusha bila kuchonga chochote. "Mtu anakunywa chai, anaona gari, anauliza nani amechonga. Wakiweka plastiki, nani ataniuliza? Nitarudi kuchonga twiga. Na twiga, ndugu yangu, siku hizi hata watalii wanawapiga picha tu na kuondoka."

Kwa hiyo ana hofu, na haifichi.

Muasya alizaliwa Wamunyu, kwa wachongaji. Kwa baba yake alirithi tezo, kisu, na sheria moja: kinyago hutoka katika kipande kimoja cha mti, basi. Hakuna msumari. Hakuna gundi. "Baba alikuwa akisikia mchongaji fulani anatumia gundi, haendi hata kwa harusi yake," anakumbuka.

Sheria hiyo haikumsumbua hata kidogo alipokuwa akichonga vifaru. Taabu ilianza siku Jackton Ooko, karani mstaafu wa reli na mwenyekiti wa chama, alipomkuta akiuza vinyago kando ya Barabara ya Jogoo, akamwonyesha picha ya gari kwenye simu na kumuuliza kama angeweza kulichonga. Muasya hakuwa ameliona gari la namna hiyo maishani mwake. Akasema analiweza.

"Lilikuja na macho," anasimulia Mzee Jackton, akijifuta machozi ya kicheko. "Mawili, hapa mbele! Na magurudumu ya nyuma ameyakunja kidogo, kama ng'ombe anayetaka kulala. Lakini yawa, jamani, lilipendeza. Tuliliweka kwenye rafu hivyo hivyo."

Macho aliyaacha baada ya msimu mmoja. Lakini alipozoea umbo, nalo likabadilika. Pua iliyokuwa juu ikashushwa. Mabawa yaliyokuwa mapana yakabanwa, kisha yakapanuliwa. Magari yakaota mapezi mbavuni, kisha mapezi yakang'olewa.

"Twiga hajabadilishwa tangu safina ya Nuhu," Muasya analalamika. "Hawa kila mwaka wanakaa kikao, wanaamua pua iende wapi. Kwani ile ya jana ilikuwa na mafua?"

Kavutha, mkewe, ambaye ni mshonaji, anaijua historia hiyo kuliko mashabiki wengi, maana kila kilichovunjika humfikia yeye. Anamtembeza mgeni chumbani. Pua ndefu ya zamani ndiyo inayozuia mlango usijifunge. Bawa refu la nyuma linashikilia dirisha. Kipande chenye mapezi anakifungia uzi.

"Baba Mwende akikosea, mimi napata chombo," anasema, akimaanisha mumewe. "Sijawahi kununua kitu cha kushikilia dirisha tangu niolewe."

Kosa lililompa jina, hata hivyo, halikuvunjika. Ulikuja mwaka ambao magari yalifungwa chuma kilichopinda juu ya kichwa cha dereva, cha kumkinga. Muasya alikiona kwenye picha, akakifikiria usiku kucha, akafikia uamuzi wa busara: huo ni mpini, wa kuliinulia gari. Akauchonga mnene, akauacha na nafasi ya vidole vinne, akaupiga msasa vizuri usije ukamchoma mtu.

Siku lilipofikishwa hotelini, nusu ya wanachama walikuwa wamekasirishwa na chuma hicho tangu msimu uanze. Walisema kimelifanya gari zuri lifanane na slipa ya bafuni. Walipoona cha Muasya wakakishika, wakainua gari, wakaanza kutembea nalo kati ya meza kama watu wanaopeleka maji kwa bustani. Mpaka leo Buruburu kuna watu wazima wanaokiita chuma hicho mpini wa Muasya.

Ugomvi wa mwaka huu ni mkali zaidi. Magari yamepunguzwa ukubwa, na mabawa yake sasa hufunguka na kujifunga yakiwa mbioni. Mzee Jackton hataki kusikia.

"Gari la mbio liwe safi kama treni," anasema. "Pua, injini, magurudumu. Haya ya sasa yana vipande vipande kama samaki aliyeliwa akabakishwa. Bawa la kufunguka la nini? Ni dirisha?"

Upande wa pili unaongozwa na Awuor, binti anayechora michoro kwenye matatu katika karakana moja ya Dandora. Kwake yeye, bodi ya gari isiyo na mapambo ni jeneza.

"Mzee Jackton anataka gari ya babu yake," anasema, akicheka. "Hii mpya iko na shepu, iko na swag. Lakini ya Mzee Muasya, naipenda, sikatai, ila bawa lake ni nene! Hiyo si bawa, hiyo ni ubao wa kukatia nyama. Ndiyo nasema tuchukue ya plastiki."

Hapo ndipo Muasya alipobanwa. Bawa likiwa nene, Awuor na vijana wake wanapiga kura ya plastiki. Likiwa jembamba, mti wenyewe unakatika, na kwa sheria ya baba hawezi kulibandika: bawa lote lazima litoke kwenye ncha ya gogo lile lile.

Jumapili anafika Buruburu amevaa koti la kanisani, gari limeviringishwa kwenye leso ya Kavutha. Usiku kucha amelifupisha gari na kuchonga bawa jipya kutoka gogo lile lile. Ni jembamba, limepinda vizuri pembeni, limepakwa rangi ya viatu likang'aa. Anaifungua leso polepole, na watu wanasogea mezani.

"Aisee," anasema Awuor.

"Mm," anasema Mzee Jackton, na kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Laiti wangeliacha hapo. Lakini Awuor analishika bawa kumwonyesha mwenyekiti jinsi lilivyopinda kama la kweli, na mwenyekiti analishika upande wa pili kumwonyesha kwamba bado limezidi madoido. Kila mmoja anavuta kidogo, kwa ajili ya hoja yake.

Linakatika kwa mlio mdogo sana.

Awuor amebaki na kipande kimoja, Mzee Jackton kingine, na Muasya anawatazama kama mtu aliyeona gari lake likiburutwa na askari wa kanjo, wale wa jiji.

"Pole, mzee. Pole sana," Awuor anasema, akipekua mkoba wake. "Niko na gundi. Sekunde tu, ufa hautaonekana."

"Wee! Weka hiyo kitu mbali!"

"Lakini mzee, hata gari yenyewe ya kweli ni ya gundi." Anamwonyesha simu. "Soma hapa. Bodi yake ni vitambaa vya kaboni. Wanabandika kimoja juu ya kingine na gundi, halafu wanaoka kwa oveni."

Muasya anaketi. Anaomba chai.

"Gundi," anasema. "Miaka yote hii mimi najivunja mgongo, kumbe hao wanabandika. Tena wanaoka. Kama mkate."

Mzee Jackton anakohoa. Uso wake unaonyesha haya, lakini uenyekiti ni uenyekiti. "Bwana Muasya, katiba inasema kombe liwe zima. Ubandike tupige kura, ama tununue lile lingine. Sina la kufanya."

Muasya anaitazama chupa ndogo ya gundi mezani, kisha rafu iliyo juu ya friji, ambako magari yake yote yamepangwa, kuanzia lile lenye macho.

"Basi nunueni plastiki," anasema. "Sitabandika. Hao wa ng'ambo wana sheria yao, na mimi nina ya baba yangu."

Ni Roseline, mwenye hoteli, anayeivunja ile huzuni. Amesimama na birika la chai, na hajawahi kupenda mbio hizi hata siku moja.

"Sasa mnalia nini?" anauliza. "Si hivyo ndivyo huwa? Kila Jumapili nikiwaletea chai, hayo magari yanafika kona ya kwanza, moja linapoteza hicho kitu cha mbele, na nyinyi mnaruka na kunimwagia sukari."

Awuor anaanza kucheka, Mzee Jackton anafuata, na kicheko kinapita meza hadi meza. Mtu anapiga kelele kwamba hilo ndilo gari la kweli kuliko yote yaliyowahi kuwekwa pale. Kura ya kuliweka rafuni hivyo hivyo inapigwa kwa mikono, na mikono yote iko juu, pamoja na wa Roseline ambaye si mwanachama. Muasya anafuta macho kwa leso ya mkewe bila kuona haya.

Amani inadumu mpaka chai inapomiminwa. Hapo Awuor anauliza, kwa kutaka tu kujua, ni nani aliyemgonga yule dereva mdogo wa mti. Mzee Jackton anasema dereva alijigonga mwenyewe, maana alikuwa anashangaa bawa linalofunguka. Sauti zinaanza kupanda.

Muasya hawasikii. Ameinamia meza, anachora kwa kidole kilicholowa chai. Anasema ameomba gogo kubwa la mjakaranda ulioangushwa na upepo, na hajawahi kuwa na haraka ya msimu ujao kama safari hii.

"Nitachonga mawili," anasema. "Kwa kipande kimoja. Yamegongana, pua ya hili imeingia kwenye mbavu za lile." Anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Sasa waache wakae kikao chao. Wabadilishe pua, wabadilishe mabawa, wapake gundi waoke. Yakiwa yamepondana, nani ataona?"

Vipande viwili vya bawa amevitia mfukoni mwa koti. Kavutha ameagiza aletewe chochote kitakachovunjika, kwani dirisha la pili bado linapigapiga.