Siku Mkubwa wa Polisi Alipomshika Mwanangu Kichwa

Mume wangu alichukuliwa Kitengela mchana kweupe, akinunua mabati. Wanaume waliovaa kofia walimsukuma ndani ya gari lisilo na namba, na mwenye duka akaendelea kumpimia mteja mwingine misumari. Mimi nilikuwa mjamzito.

Kila stesheni tuliyoenda walisema hawana mtu kama huyo. Mama mkwe akampigia simu mtu wa ukoo wao, ambaye wakati huo alikuwa kamanda wa polisi wa mkoa. Huyo mtu namjua vizuri. Alipokuwa OCS, mkuu wa stesheni ya Kitengela, alikuwa akija kwetu kula, na kabla hata hajazima gari, anaita jina la mume wangu mpaka majirani wanachungulia. Kwenye simu alisema, "Kijana yuko hai. Wacheni kelele, niachieni mimi."

Tukawacha kelele. Nilihama ploti tuliyokuwa tumepanga nikaenda kukaa Kajiado kwa boma la mama mkwe, na hapo ndipo nilijifungua kijana.

Mimi nimetoka Murang'a, nimeolewa Umaasaini. Kwa hawa watu, mtu akifa jina lake halitajwi tena, na kama kuna mwingine pale nyumbani analo, anapewa lingine. Babu yao alipofariki, binamu ya mume wangu alilala na jina moja akaamka na lingine. Kwa hivyo mwanangu nilimpa jina la baba yake, makusudi, ili lisikike kila siku kwa lile boma. Wanawake walinirukia.

"Mtoto kuitwa kama baba yake? Hiyo mmetoa wapi?"

"Nimetoa kwangu mwenyewe."

Mama mkwe ndiye aliwanyamazisha. "Mwacheni. Mtu aliye hai anaitwa." Na alimwita kweli: kwa uji, kwa mbuzi, kwa kuoga. Ukisikia hilo jina nyuma ya nyumba ulikuwa unajua bado tunamngoja mtu.

Miaka ikapita, yule kamanda akafanywa mkubwa wa polisi wa nchi nzima, akaja nyumbani kushukuru Mungu. Helikopta ilitua, vumbi likafunika hema na pilau. MC akashika maiki, akatusomea maisha yake tangu akiwa konstebo: alipelekwa wapi, akapandishwa cheo gani. Alipofika kwa Kitengela watu walipiga makofi. Mimi nilikunja mikono.

Baadaye mkubwa alipita akisalimia. Zamani alimwita mama mkwe mama fulani, kwa jina la mume wangu. Siku hiyo alisema "Mama" tu, kama mtu amefika kwa shimo akaliruka. Mwanangu aliinamisha kichwa jinsi watoto wa huku wanavyosalimia wakubwa, naye akaweka kiganja juu.

"Supa, mzee. Unaitwa nani?"

Mtoto akapiga kelele jina lake.

Kile kiganja kiliruka juu kama kimegusa sufuria ya moto. Akamwinamia mama mkwe, akasema kwa Kimaa, polepole, "Mbona bado hamjambadilishia jina?"

Kimaa changu ni kidogo, lakini hiyo niliielewa. Yeye pia alisikia alichosema. Miaka yote ya kuhoji watu, kumbe yeye mwenyewe hakuhitaji hata kuulizwa.

"Mmepata chakula?" akaniuliza kwa Kiswahili, akitabasamu.

"Yuko wapi?"

"Dada, tunafuatilia."

"Unafuatilia nini? Si umesema mtoto abadilishwe jina? Umejuaje?"

Mlinzi aliingia katikati yetu, mpole kabisa, akanishika kiwiko. "Madam, usiharibu siku." Kwaya ilikuwa inaimba. Mama mkwe hakulia. Aliweka sahani chini, akaanza kuvua shanga: za shingo, za masikio, za mikono, akizipanga kwa leso moja moja. Mkubwa alimwona. Anajua vizuri sana mama huvua shanga akifiwa na nani. Akageuka, akaenda kwa helikopta kabla ya keki kukatwa.

Asubuhi nilimsikia mama mkwe akiita huko kwa zizi, jina ambalo nilikuwa sijawahi kusikia. Mtoto alikuwa amekaa karibu na mguu wangu. Hakuna mtu alikuwa amemfundisha. Alisimama akaenda.

Nilitoka mlangoni nikamwita kwa jina nililompa mimi.

"Usimwite," mama mkwe akasema, bila kunitazama. "Huyo hawezi kuja."

"Basi wanionyeshe kaburi! Kama hakuna kaburi, nitaita!"

Nikaita tena, kwa nguvu. Mbuzi waligeuka wakanitazama. Mwanangu hakugeuka.