Mbwa Aliyekaa Kwenye Masale

Baba yangu alipoanza kupoteza macho, mbwa wake ndiye aliyemtangulia njiani. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alitembea hatua chache mbele, akasimama baba aliposimama, na baba alifuata mlio wa kucha zake kwenye mawe. Nyumbani kwetu, mlimani juu ya Maji ya Chai, njia hukatwa na mifereji ya kumwagilia migomba, na mtu asiyeona vizuri ana sababu ya kuiogopa.

Lakini mbwa huyo hakuwa na adabu. Alimbwekea kila mpita njia, aliiba nyama jikoni, na siku moja alimuuma mguuni jirani yetu, mama mjane, aliyekuwa akipita na debe la maji kichwani. Kidonda kilikuwa kidogo, ila debe lilimwangukia begani. Jumbe alikuja akasema mbwa afungwe mnyororo ama auawe, na akatupa muda mpaka mvua za masika. Baba alisema mbwa wa mnyororo hamfai kitu. Nikamwambia aniachie mimi.

Wakati huo nilikuwa karani wa ghala katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja, upande wa Tengeru. Mbwa wa bwana yule alikaa chini kwa neno moja, na hakuinuka mpaka aambiwe. Niliazima kijitabu chake cha kufunza mbwa, nikakaa nacho na kamusi kwa wiki mbili, nikaandika maagizo yote kwa Kiswahili katika daftari. Shule niliishia darasa la nne. Mengine yote niliyoyajua niliyapata kwa njia hiyo, na nilikiamini sana kitu kilichoandikwa.

Nilimfunza nusu saa kila jioni. Neno moja kwa jambo moja: kaa, njoo, kimya. Akitii, alipata kipande cha ini la kuchemsha. Akikosea, hakupata kitu, wala hakupigwa. Nilimkataza kuingia ndani ya nyumba. Kisha nikamfundisha mpaka. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba lenye nyumba yetu ndani, kimezungushiwa masale, mimea ile ya majani marefu ambayo wazee waliipanda kuwa mipaka. Nilimtembeza kwa kamba kando yake siku baada ya siku, hata kamba ikawa haina kazi. Hakuvuka masale mpaka nimwambie, wala hakubweka tena mchana.

Jirani alikuja kumjaribu. Alipita mara tatu na debe lake, mbwa akamtazama tu.

"Karani," akasema, "huyu sasa ana adabu kuliko wanangu. Mfundishe na kusali, tumpeleke kipaimara."

Hata baba alicheka.

Kijitabu kilisema amri zitoke kwa sauti ya mtu mmoja, mnyama asije akachanganyikiwa. Baba alinitaka nimfundishe yale maneno, apate kutoka na mbwa mimi nikiwa kazini. Nikamwambia asubiri miezi michache, mafunzo yakomae. Hakubishana. Alisema njia ya migombani anaijua kwa miguu.

Masika yalipoanza nilirudi Jumamosi moja mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Nilimkuta mbwa amekaa kwenye masale, shingo ameinyoosha upande wa mfereji, anatetemeka, kimya kabisa. Nilidhani kuna mtu amepita naye amejizuia. Nilifurahi. Nikampa kipande cha ini nilichokuwa nacho mfukoni. Hakukila. Hilo nililiona, nikasema moyoni labda tumbo linamsumbua, nikaingia ndani kula. Mlango wa chumba cha baba ulikuwa umefungwa, nikajua amelala.

Jirani ndiye aliyeniita. Alikwenda kuteka maji akamkuta baba mferejini, nusu ya mwili ndani ya maji, nyonga imevunjika, sauti imemwishia kwa baridi. Kutoka pale hadi kwenye masale ni hatua thelathini na mbili. Nilizipima baadaye.

Tulimbeba kwa machela hadi zahanati. Dresa, mfunga vidonda wa pale, alisema mfupa wa mzee wa umri ule hauungi, na kwamba kifua ndicho cha kuogopa. Tukamrudisha nyumbani.

Jioni ya pili baba aliniuliza swali moja. "Nilimwita mbwa, nikamsikia amekuja mpaka masale. Mbona hakubweka?"

Nilimweleza yote kwa mpangilio, pamoja na kile kipande cha ini.

Kwetu mtu aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale lililofungwa fundo, na anayeletewa halikatai. Nilikata jani pale pale mbwa alipokuwa amekaa, nikaliweka kiganjani mwa baba. Akalipapasa, akalitambua, akalisukuma chini ya mto. Kisha akaniambia nimlete mbwa.

Mbwa alifika kizingitini akasimama. Baba alimwita mara mbili, kwa Kimeru, kwa jina alilompa akiwa mdogo. Mbwa alitikisa mkia, akanitazama mimi.

"Mwambie wewe," baba akasema.

Nikasema, "Njoo." Akaingia, akaweka kichwa kando ya kitanda, na mkono wa baba ukamtafuta mpaka ukampata.

Kwa wiki zilizobaki nilijaribu kumfunza upya. Nilisimama mferejini nikamwita kwa jina lile la zamani, kwa sauti ya chini kama ya mtu aliyeumia. Nilijilaza chini kwenye matope. Nilibweka mimi mwenyewe, jirani akiniangalia bila kucheka. Mbwa alikaa kwenye masale akitetemeka, akingoja neno.

Baba alifariki kahawa ikiwa bado mbichi. Jumbe alikuja msibani, akapita kati ya watu wote wale, akamwona mbwa amekaa kimya mahali pake. Akanishika mkono, akanipa pole, kisha akasema katika maisha yake hajaona mbwa mwenye adabu kama huyo.