Picha ya Pontien Kutoka Juu ya Maji

Mimi nimeona mengi katika Kalemie hii. Nimeona samaki wa Kabimba aliyemeza mufuko wa simenti akageuka ukuta, na watu wanaegemeza baiskeli pale mpaka leo. Lakini habari ya Pontien sitaitia chumvi. Nikiitia, itakuwa kidogo tu.

Pontien alikuwa fundi wa simu za reli, mwembamba, muntu wa maneno machache, asiyeweza kuona kitu kimefungwa bila kutaka kukifungua. Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati ndani ya biro tuliitana Citoyen, yaani raia, na majina ya ubatizo tuliyaacha nyumbani. Muzungu mumoja, enjenia wa kiwanda cha simenti kule Kabimba, alipokuwa anarudi kwao alimuachia ndege ndogo ya mbao nyepesi, yenye mabawa marefu kama mukeka wa mutoto, pamoja na kisanduku cha antena cha kuiongoza ukiwa chini. Alimuachia na chupa tatu za mafuta, kwa sababu moteri ile haikutaka mafuta ya gari. Siku ya kwanza iliporuka, furukombe wawili, wale tai wanaokula samaki, walitoka muto Lukuga wakaizunguka kuiomba kitambulisho. Hiyo niliiona mwenyewe.

Chupa mbili aliziishiza kwa furaha tu. Ya tatu ilipata kazi.

Mujue kwamba ziwa lilipopanda, miaka ile baada ya Uhuru, lilimeza nyumba zetu za ufukoni. Baadaye likaanza kurudi nyuma polepole, likaacha muchanga mukavu ambao kila muntu aliutaka. Citoyen Kalenga, agent wa biro ya viwanja, akatangaza kwamba aliyekuwa na nyumba ndani ya maji njo atapewa kiwanja kikavu kilicho mbele yake. Mama Célestine, mama yake Pontien, mujane aliyekuwa anapanga chumba kimoja kwa watu, akaonyesha mahali pa nyumba yake. Papa Barnabé, jirani wa zamani, naye akadai kiwanja kilekile, eti nyumba yake, pembeni kidogo, njo ilikuwa ya mwisho pale. Akaapa kwamba Célestine hakujenga hata ukuta mumoja upande ule, kuna muchanga mutupu na kina cha kumuzamisha muntu mpaka kofia.

Citoyen Kalenga hakutaka kuvua viatu aingie majini. Ramani za zamani ziliungua wakati wa vita. Akauliza kama kuna shahidi, na shahidi aliyebaki ni mimi, Louise.

Nilimuambia ukweli. Nyumba ya Célestine ilikuwa na baraza ya mawe, imepinda kama ukingo wa ungo, ikitazama ziwa, na mimi nilisaidia kubeba yale mawe. Akauliza yalikuwa mangapi. Hapo mudomo wangu ukanishinda. Nikamuambia elfu tisa, na kila moja nililisalimia asubuhi kwa jina lake. Akafunga kitabu chake. Célestine hakunisemesha siku tatu, na alikuwa na haki.

Siku ya ine Pontien alikuja kwangu akiwa na swali moja. Alitaka kujua kama wakati maji yametulia, asubuhi, kabla ya upepo, muntu akiwa juu angeona mawe chini. Nikamujibu kwamba furukombe anaona samaki, sembuse ukuta. Akaondoka bila kuaga. Alikuwa amekwisha kuanza kupima kichwani.

Kamera aliipata kwa Fidèle, mupiga picha wa soko, ile ya plastiki ya bei ya chini iliyotoka Kigoma, ambayo Fidèle aliona haya kuishika mbele ya wateja. Kwanza Pontien aliiweka kwenye mizani ya muuza ndakala, dagaa wetu wa ziwa, akajua uzito wake kwa samaki. Akafunga ndakala za uzito uleule tumboni mwa ndege ili ajaribu kwanza bila kuvunja kamera. Ndege ikainamisha pua. Akazirudisha nyuma kidogo, akaibeba ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, akaona imelala sawa. Paka wote wa mutaa walimufuata wiki nzima.

Kisha akatia kamera yenyewe, ikitazama chini kwa kuinama kidogo, imefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli. Kuna mota ndogo iliyokuwa inageuza gurudumu la mukia, hiyo akaiondoa pale, akaifunga waya wa spoku, ikawa kidole cha kubonyeza kamera. Lakini hakuna wa kusogeza filimu kule juu. Kila muruko, picha moja.

Filimu ya kwanza ilitoa ukungu. Nikamuuliza kama amepiga picha ya uji. Akacheka, akaenda kukata kipande cha godoro lake, akakiweka kati ya kamera na mbao ili mutetemo wa moteri ufe pale. Filimu ya pili ilitoa paa la kanisa, safi, mpaka misumari. Pontien aliitazama ile misumari muda murefu kama muntu anayesoma barua. Halafu akatikisa chupa. Mafuta yalibaki ya muruko mumoja, na Kalenga alikuwa ameshasema ataandika jina la mwenye kiwanja Jumatatu.

Akachagua siku ya posho, yaani Jumamosi, asubuhi, ziwa likiwa kama kioo. Alisahau kitu kimoja tu, kwamba siku ya posho ni Salongo, kazi ya lazima ya kusafisha muji, na mutaa wote ulikuwa ufukoni na majembe na mifagio. Mimi nilisema kwa watu wawili tu kwamba kutapigwa picha. Wawili, siongezi.

Nani kwetu anakubali kupigwa picha na nguo ya kazi? Majembe yaliachwa. Watu walikimbia nyumbani, wakarudi na vitenge vya Pasaka, suruali zilizonyooshwa kwa pasi, mama mumoja na mwavuli. Ndege ilipopanda na kuelekea juu ya maji, waliona picha itakuwa kule, nao wakaingia majini. Pontien aliwapigia kelele warudi, lakini moteri ilimushinda sauti. Tope likapanda, maji yakawa kama chai ya maziwa. Akabonyeza. Moteri ikakohoa, ikazima, na ndege ikatelemka ikalala katika mihogo.

Alikaa chini, mikono juu ya magoti. Jioni alikwenda kwa Fidèle kusafisha picha kwa sababu tu hakuweza kuacha kitu bila kukiona mwisho.

Kesho yake, baada ya misa, alituletea. Fidèle alikuwa ameikuza kama sahani. Maji meupe matupu, jiwe halionekani hata moja. Watu tu, wamesimama ndani ya ziwa, nguo wamezikunja juu ya magoti, wameinua nyuso.

Célestine aliishika, akaigeuza huku na huku. Akaweka kidole juu ya kitenge kimoja, akakisogeza kwenye kingine, na kingine.

"Pontien, hawa hawakulowa kupita magoti," alisema. "Walitafuta pa kukanyaga. Wamesimama juu ya baraza yangu."

Kweli kabisa. Hakuna aliyetaka kulowesha nguo yake ya Pasaka, basi kila mumoja alipapasa kwa muguu mpaka akapata jiwe, akapanda. Walikuwa mustari uliopinda kama ukingo wa ungo, na nyuma yao watu wengine mistari miwili imenyooka, juu ya kuta za vyumba. Pontien aliwahesabu, akapima kwa rula, akaanza tena. Nadhani alikuwa amekwisha kusahau kiwanja.

Jumatatu picha iliwekwa juu ya meza ya Citoyen Kalenga. Célestine alikaa upande huu, Barnabé upande ule. Kalenga aliitazama sana, halafu akaweka ncha ya kalamu juu ya kofia nyeupe ya kiwanda cha simenti, katikati kabisa ya mupindo. Kofia ya namna ile katika mutaa wetu ni moja.

"Huyu njo wewe, Papa Barnabé?"

"Ni mimi. Kila muntu alikuwa anapigwa picha."

"Mahali pa kumuzamisha muntu mpaka kofia, wewe maji yamekufika kwenye magoti. Umesimama juu ya nini?"

Barnabé aliinama juu ya picha, akaitazama kofia yake. Kalenga hakungoja zaidi. Aliandika jina la Célestine, akapiga muhuri mara mbili.

Tulipotoka nje, Barnabé alimuvuta Pontien kando. Mimi niko na masikio marefu, nilisikia. Alikuwa anauliza kama Fidèle anaweza kumutolea na yeye picha moja, kwa sababu kofia ilitoka vizuri.